Shule Yetu, Lugha ya Nani? Historia ya Wilaya ya Shule ya North Slope, Alaska, na Fundisho Lake kwa Taaluma za Kiswahili



1. Utangulizi

Huenda wapo miongoni mwenu waliosoma tangazo la mhadhara huu wakadhani pana kosa la uchapaji: mhadhara ni wa taaluma za Kiswahili, na mada ni shule za nchi ya barafu ambako Kiswahili hakina historia yoyote. Si kosa. Nimeichagua mada hii kwa makusudi, na nina deni la kueleza kwa nini.

Tangu miaka ya 1960 wanazuoni wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijadili suala la lugha ya kufundishia. Katika mjadala huo tumezoea kudai mambo matatu: sheria, fedha, na mamlaka ya wenyeji juu ya shule zao. Tunasema, au tunaashiria, kwamba lugha ikipata matatu haya mengine yatafuata yenyewe. Ili kuupima ukweli wa dai hilo inafaa kuitazama jamii iliyoyapata yote matatu kwa pamoja. Jamii hiyo ipo. Ni Wainupiaki wa kaskazini mwa Alaska, ambao mwaka 1972 waliunda serikali yao ya mitaa na wilaya yao ya shule, wakiwa na mapato ya mafuta ambayo wilaya nyingi za shule duniani zisingethubutu hata kuyaota. Mhadhara huu unauliza: nini kilifuata?

2. Nchi na watu wake

Eneo tunalolizungumzia lote liko kaskazini mwa Duara la Aktiki. Linaanzia kwenye milima ya Brooks na kuteremka hadi Bahari ya Aktiki. Ukubwa wake unakaribia ule wa nchi nzima ya Uganda, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu wapatao 11,000 tu, wakiwamo wafanyakazi wa visima vya mafuta wasio wenyeji. Makazi ya wenyeji ni manane: Utqiaġvik, ambao ndio mji mkuu, kisha Point Hope, Point Lay, Wainwright, Atqasuk, Nuiqsut, Kaktovik na Anaktuvuk Pass. Hakuna barabara ya kudumu inayoyaunganisha makazi hayo. Mwalimu, kitabu na chaki hufika kwa ndege. Huko Utqiaġvik jua huzama katikati ya Novemba na halionekani tena mpaka wiki ya nne ya Januari. Wilaya inayohudumia watoto wa eneo hili lote inaitwa North Slope Borough School District, nami nitaiita kwa kifupi Wilaya ya North Slope. Wanafunzi wake ni takriban 2,000.

Wenyeji hujiita Iñupiat, maana yake watu halisi. Kwa kufuata desturi ya lugha yetu nitasema Wainupiaki, na lugha yao nitaiita Kiinupiaki. Mwanaisimu wa Kiswahili atajikuta si mgeni sana mbele ya lugha hii. Nayo huunda maneno marefu kwa kubandika viambishi, ila tofauti na Kiswahili, ambacho huweka sehemu kubwa ya mzigo mbele ya mzizi, Kiinupiaki huuweka wote nyuma. Kiambishi -vik, kwa mfano, huonyesha mahali pa kutendea jambo. Neno iḷisaġvik, lenye mzizi wa maana ya kujifunza, ni mahali pa kujifunzia. Jina Utqiaġvik lenyewe hufasiriwa kuwa ni mahali pa kukusanyia mizizi ya kuliwa.

Othografia inayotumika katika eneo hili ilianza kuundwa mwaka 1946, na mchungaji wa Kipresbiteri Roy Ahmaogak, Mwinupiaki wa Barrow, akishirikiana na mwanaisimu Eugene Nida. Ndani yake imo herufi ŋ, ambayo ni ile ng' yetu ya ng'ombe, na ñ, ambayo inafanana na ny ya nyumba. Herufi q hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, kama qafu ya Kiarabu. Nayataja haya ili tusije tukadhani kwamba lugha tutakayoizungumzia haikuwa na maandishi, sarufi wala wataalamu. Ilikuwa navyo.

3. Shule ya kwanza, 1890

Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1885 serikali ya Marekani ilimteua mmisionari wa Kipresbiteri, Sheldon Jackson, kuwa mkuu wa elimu wa Alaska, naye akayagawia madhehebu mbalimbali maeneo ya kufungua shule. Mwaka 1890 shule zilifunguliwa Barrow chini ya Wapresbiteri na Point Hope chini ya Kanisa la Episkopo. Barrow ndilo jina ambalo mji wa Utqiaġvik ulibandikwa, nalo linatokana na jina la ofisa mmoja wa kiraia wa Uingereza.

Naomba tusimame kidogo katika mwaka huo, maana sisi nasi tunaufahamu. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali huko Tanga, na lugha waliyoichagua kufundishia ilikuwa Kiswahili. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi. Walihitaji makarani na maakida watakaoelewana na watu wa pwani na wa bara, na Kiswahili kilikuwa tayari kimeenea kwenye njia za misafara. Huko Barrow mtawala hakuwa na haja ya namna hiyo. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumgeuza mwenyeji awe Mmarekani, na Kiingereza kilihesabiwa kuwa mlango wa pekee wa kuingilia huko. Tofauti baina ya hatima ya Kiswahili na ya Kiinupiaki katika karne ya ishirini, kwa kiasi kikubwa, ilianza na tofauti hiyo ya mahitaji ya mtawala. Hatuna budi kulikumbuka hili kila tunapojisifu kwamba Kiswahili kilisimama kwa nguvu zake chenyewe.

Shuleni Kiinupiaki kilipigwa marufuku. Watoto waliosikika wakikisema waliadhibiwa. Wenzetu waliosoma Kenya hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanakikumbuka kile kidude alichovishwa shingoni mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama, naye akakipeleka kwa mwenzake atakayenaswa baada yake. Matokeo ya adhabu za namna hiyo hayaonekani siku ile ile. Mtoto aliyeadhibiwa haachi lugha yake. Huendelea kuisema nyumbani, na hata uzeeni huisema vizuri. Jambo analoliacha ni kuwafundisha wanawe, kwa kutaka wasipate aibu aliyoipata yeye. Kwa hiyo pigo hutua kwenye kizazi kingine kabisa, ambacho pengine hakikuchapwa hata mara moja.

4. Shule iliyowahamisha watu

Shule haikubadilisha lugha tu, ilibadilisha hata ramani. Kabla yake familia nyingi ziliishi zimetawanyika, zikifuata nyangumi, samaki na wanyama wa bara kwa majira. Sheria ilipotaka watoto wahudhurie masomo, familia zililazimika kuhamia palipokuwa na jengo la shule. Makazi ya Nuiqsut, kwenye delta ya mto Colville, yalihamwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu hayakuwa na shule. Watu walikwenda kukaa Barrow.

Kwa waliotaka elimu ya sekondari hali ilikuwa ngumu zaidi. Kijijini hapakuwa na sekondari. Mtoto alipelekwa shule ya bweni ya serikali kuu, kwa mfano Mount Edgecumbe iliyofunguliwa Sitka mwaka 1947, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao, au hata Chemawa katika jimbo la Oregon, ambako ni nje kabisa ya Alaska. Aliondoka kiangazi kikiisha na kurudi kiangazi kingine kikianza. Katikati yake palikuwa na uwindaji wa nyangumi wa majira ya kuchipua, ambao ndio moyo wa mwaka wa Wainupiaki, na ambao kijana hujifunza kwa kuwapo tu, kwa kubeba, kuchemsha, kungoja na kusikiliza. Kijana wa bweni hakuwapo.

Haifai tuseme kwamba mabweni hayo hayakuzaa chochote ila hasara. Yalikutanisha vijana wa jamii mbalimbali za Alaska, na wengi wa viongozi waliokuja kudai ardhi na haki zao walifahamiana humo. Sisi tunaokumbuka Tabora, Makerere na Alliance tunalielewa jambo hilo. Lakini kiongozi aliyepatikana kwa njia hiyo alirudi nyumbani akiwa na ufasaha wa lugha moja zaidi ya ule wa nyingine.

5. Mafuta na mamlaka

Mwaka 1968 yaligunduliwa mafuta mengi huko Prudhoe Bay, ndani ya nchi ya Wainupiaki. Bomba la kuyapeleka kusini halingeweza kujengwa kabla ya suala la ardhi kutatuliwa, na ndiyo sababu mojawapo kubwa iliyolifanya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska mwaka 1971. Kwa sheria hiyo wenyeji wa jimbo zima walipewa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, nao wakapoteza madai yao juu ya ardhi iliyobaki.

Viongozi wa kaskazini waliona kwamba ardhi na fedha hazitoshi bila serikali. Mwaka 1972, chini ya uongozi wa Eben Hopson, mzaliwa wa Barrow aliyewahi kuwa mjumbe wa bunge la jimbo, waliunda halmashauri ya North Slope, yenye uwezo wa kisheria wa kutoza kodi ya mali kwenye mitambo ya mafuta. Makampuni ya mafuta yalikwenda mahakamani kupinga. Mwaka 1974 Mahakama Kuu Kabisa ya Alaska iliamua kwamba uundaji wa halmashauri ni halali. Hopson alikuwa meya wa kwanza, na alishika wadhifa huo hadi alipofariki mwaka 1980.

Halmashauri ilipozaliwa ilizaa pia wilaya ya shule. Bodi ya shule ilichaguliwa na wananchi. Katika miaka ya 1970 shule zilizokuwa mikononi mwa serikali kuu zilihamishiwa wilaya hiyo, na kodi ya mafuta ikajenga majengo mapya hadi kwenye vijiji vya watu mia mbili au tatu. Hilo lilikwenda sambamba na mabadiliko ya jimbo zima, maana mwaka 1976 jimbo la Alaska, katika usuluhishi wa kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wanafunzi wa vijijini, lilikubali kujenga sekondari katika vijiji vilivyozihitaji. Watoto hawakulazimika tena kwenda bweni.

Tukio linaloeleza vizuri maana ya wakati huo ni lile la mwaka 1973. Familia 27 ziliondoka Barrow zikarudi Nuiqsut, mahali palipohamwa kwa kukosa shule. Zilikaa katika mahema zaidi ya mwaka mmoja zikingoja nyumba kujengwa. Leo Nuiqsut ni kijiji kamili na kina shule yake. Shule iliyowaondoa ndiyo iliyowawezesha kukaa.

6. Swali la Hopson

Mtu angetarajia kwamba Hopson, akiwa ameshinda mahakamani na kuona shule zikijengwa, angesherehekea. Mwaka 1975, katika hotuba yake kuhusu elimu, alifanya jambo jingine. Alisema kwamba huenda umuhimu mkubwa kuliko wote wa kujitawala ni kuirudisha elimu ya watoto mikononi mwa wazazi wao. Kisha akauliza kama shule hizo kweli zinakuwa za Wainupiaki, au kama mamlaka waliyoyapata ni ya kisiasa tu, juu ya mfumo unaoendelea kupitisha utamaduni wa miji ya Wamarekani weupe. Jawabu lake lilikuwa kwamba mamlaka ya kisiasa hayatimii bila mamlaka ya kitaaluma, yaani bila walimu na wasimamizi walio Wainupiaki.

Ndugu zangu, katika yote niliyoyasoma kuhusu sera za lugha, ni mara chache nimekutana na kiongozi aliyetofautisha mambo haya mawili waziwazi namna hiyo, tena akiwa bado madarakani. Hotuba nyingi za viongozi huishia pale bendera inapopandishwa.

Swali lake lilikuwa na msingi. Walimu wengi wa wilaya hiyo walitoka majimbo ya kusini. Walivutwa na mishahara mizuri, wakafundisha mwaka mmoja au miwili, wakaondoka. Kiinupiaki kiliingizwa shuleni; sheria ya jimbo ya mwaka 1972 kuhusu elimu ya lugha mbili iliruhusu na kusaidia jambo hilo. Lakini kwa kawaida kiliingizwa kama somo. Kilipewa kipindi chake na mwalimu wake mwenyeji, huku hisabati, sayansi na historia zikiendelea kwa Kiingereza. Mtoto alijifunza Kiinupiaki kwa sehemu ndogo ya siku, na katika sehemu iliyobaki alijifunza kwamba mambo mazito yana lugha nyingine.

Zaidi ya hayo, mamlaka yalifika yakiwa yamechelewa. Wazazi wa mwaka 1972 walikuwa ndio wale walioadhibiwa darasani au waliolelewa bwenini. Wengi wao hawakuwa tena wakisema Kiinupiaki na watoto wao. Shule ilikuwa sasa inaombwa kuirudisha lugha ambayo shule yenyewe ilikuwa imeiondoa nyumbani kwa miaka themanini. Kuiondoa ilihitaji adhabu tu. Kuirudisha kulihitaji walimu waliobobea, vitabu vya masomo yote, na wazazi walio tayari kuwa wanafunzi wa lugha ya mama zao.

7. Hesabu za Kaktovik

Hata hivyo, historia ya wilaya hii ina sura moja ambayo kila mwanafunzi wa isimu anapaswa kuifahamu.

Sisi huhesabu kwa kizio cha kumi. Wainupiaki huhesabu kwa kizio cha ishirini, wakipitia vituo vya tano tano. Tano ni tallimat, kumi ni qulit, kumi na tano ni akimiaq, na ishirini ni iñuiññaq, neno lenye uhusiano na iñuk, yaani mtu. Mantiki yake iko mwilini: vidole vya mikono na vya miguu vikihesabiwa vyote, mtu amekamilika. Shuleni hesabu hizi zilikuwa zimeachwa, kwa sababu tarakimu za kawaida, 0 hadi 9, haziwezi kuziandika bila kuzivunja.

Mwaka 1994, katika shule ya Harold Kaveolook huko Kaktovik, wanafunzi wa shule ya kati walikuwa wakijifunza vizio mbalimbali vya hesabu. Wakatambua kwamba lugha ya wazee wao ina kizio chake, na wakataka kuiandika. Kwanza walijaribu kuongeza alama mpya juu ya tarakimu zilizopo, zikawashinda kukumbuka. Ndipo wanafunzi hao tisa, wakiongozwa na mwalimu wao William Bartley, walipokaa na kutunga alama zote upya. Walijiwekea masharti: alama ziwe rahisi kukumbukwa, ziandikwe bila kuinua kalamu, zisifanane na tarakimu za kawaida, na sura yake ioneshe thamani yake. Mikato ya chini huonesha moja moja hadi nne. Mikato ya juu huonesha tano tano hadi tatu. Kwa hiyo anayeiona alama ya kumi na tisa huona ndani yake tano tatu na moja nne. Mwaka wenyewe wa 1994 unaandikwa kwa alama tatu tu: ya nne, ya kumi na tisa na ya kumi na nne, yaani mia nne mara nne, ishirini mara kumi na tisa, na kumi na nne.

Wanafunzi waligundua kwamba kwa alama hizi kujumlisha, kutoa, na hata kugawanya kwa njia ndefu kunaweza kufanywa kwa kuzitazama alama zenyewe, kwa kuwa mikato inajumlika machoni. Walitengeneza abakasi za kizio cha ishirini katika karakana ya shule, wakawafundisha wadogo zao. Katika miaka iliyofuata alama zao katika mitihani ya hisabati zilipanda sana. Mwaka 1996 tume ya halmashauri inayoshughulikia historia, lugha na utamaduni ilizikubali tarakimu hizo rasmi, mwaka 1998 baraza la jamii za Inuit la kimataifa likapendekeza zitumike, na mwaka 2022 zikaingizwa katika mfumo wa Unicode, kiasi kwamba sasa zinaweza kuandikwa kwenye kompyuta popote duniani.

Hatuna haja ya kutia chumvi. Shule ilikuwa ndogo, mwalimu alikuwa hodari, na mtaalamu makini angeuliza ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana na lugha na kiasi gani kilitokana na shauku. Lakini tazameni kilichotendeka. Katika kipindi cha somo la lugha Kiinupiaki kilikuwa urithi wa kutunzwa. Katika kipindi cha hisabati huko Kaktovik kilikuwa chombo cha kufikiria, na watoto waliokishika kama chombo walizalisha kitu kipya ambacho hakikuwapo kwa wazee wao wala kwa Wamarekani. Hilo ndilo lililokuwa linakosekana tangu 1890.

8. Baada ya nusu karne

Yaliyofuata ni mchanganyiko wa mafanikio na wasiwasi. Chuo cha Iḷisaġvik kilianzishwa mwaka 1995, nacho kikawa chuo pekee cha Alaska kinachomilikiwa na jamii ya wenyeji. Rais wake wa miaka ya kwanza alikuwa Edna Ahgeak MacLean, mwanaisimu mzaliwa wa Barrow, ambaye mwaka 2014 alichapisha kamusi kubwa ya Kiinupiaki cha North Slope, kazi ya miongo kadhaa. Mwaka 2010 wilaya ilipitisha mwongozo wake wa elimu ya Kiinupiaki, uliotokana na mazungumzo na wazee na wananchi wa vijiji vyote, na ambao unaanza na swali la mtu anayetarajiwa kutoka shuleni kabla ya kuuliza masomo atakayopewa. Mwaka 2014 jimbo la Alaska lilizitambua lugha 20 za wenyeji kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2016 wakazi wa Barrow walipiga kura kulirudisha jina la Utqiaġvik. Waliokubali walikuwa 381 na waliokataa 375.

Kura sita! Anayedhani kwamba jamii nzima husimama upande mmoja katika mambo ya lugha na aitafakari tofauti hiyo.

Na mwaka 2018 gavana wa Alaska alitangaza hali ya dharura kuhusu lugha za wenyeji. Makadirio ya mwanzoni mwa karne hii yaliwataja wasemaji wa Kiinupiaki wa Alaska kuwa wapatao 2,000, wengi wao wakiwa wazee. Mapema zaidi, mwaka 1992, mwanaisimu Michael Krauss alikuwa ameandika kwamba katika lugha 20 za Alaska ni mbili tu zilizokuwa bado zikipokewa na watoto, na Kiinupiaki hakikuwa mojawapo. Kwa maneno mengine, sheria ilipatikana, fedha zilipatikana, mamlaka yalipatikana. Watoto wanaoipokea lugha kutoka kwa mama ndio waliokuwa wameshapotea kabla ya hayo yote.

9. Fundisho kwetu

Sasa nirudi nyumbani. Ni rahisi kuichukua historia hii na kuitumia katika mjadala wetu uleule wa Kiswahili na Kiingereza, na kwa sehemu inafaa. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule ya msingi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kiendelee hadi sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na hadi leo Kiingereza ndicho kinachofundishia sekondari. Tuna wasemaji kwa mamilioni, tuna walimu wanaokisema tangu utotoni, tuna kamusi na istilahi. Mkuu wa shule ya Kaktovik angetushangaa. Tofauti yetu na Hopson ni kwamba yeye alipata mamlaka ya kisiasa akakosa walimu. Sisi tunao walimu. Na katika shule zetu za sekondari mtoto anajifunza lile lile alilojifunza mtoto wa Barrow, kwamba mambo mazito yana lugha nyingine.

Lakini ningeishia hapo nisingekuwa mkweli. Katika historia ya North Slope Kiswahili kinaweza kukaa kwenye viti viwili. Mbele ya Kiingereza kinakaa kiti cha Kiinupiaki. Mbele ya Kizaramo, Kibondei, Kizigula na lugha nyingine zaidi ya mia moja za Tanzania, kinakaa kiti cha pili, kiti cha lugha ya shule. Hatukuwavisha watoto wetu vidude shingoni kwa jumla namna ile, na Kiswahili kilitujengea umoja ambao wengi wanatuonea kijicho. Hata hivyo wapo wazazi wengi mijini na vijijini ambao, bila kuchapwa na yeyote, wameacha kuwasemesha watoto wao lugha za babu zao. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitaka lugha hizo zitafitiwe na kuandikiwa kamusi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, umefanya kazi ya kusifiwa, na mwaka 2009 ulitupatia atlasi. Lakini Kiinupiaki nacho kina kamusi nzuri.

Historia ya North Slope inatuambia kwamba wakati wa kufanya kazi hii ni pale ambapo bado kuna bibi anayezungumza na mjukuu anayemwelewa. Huko Barrow wakati huo ulipita baina ya kuadhibiwa kwa mzazi na kuzaliwa kwa mtoto, na hakuna aliyeuona ukipita. Kwetu, kwa lugha nyingi, haujapita. Wanafunzi mlio hapa, wengi wenu mna bibi wa namna hiyo. Kabla hamjachagua mada za tasnifu zenu, nendeni mkawaulize wanahesabuje, mpaka ishirini, kisha muwaombe wawaeleze maana ya kila neno.